Kizuka Mwenye Mtihani

28 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mwongeli ameniletea daftari hili ndani ya mfuko wa unga ili lisilowe, pamoja na maagizo ya Mwalimu Mutinda: muhula huu kila mwanafunzi wa sosholojia aweke shajara ya anayoyaona mahali anapoishi, kisha mwishoni ayaeleze kwa nadharia. Wenzangu watakwenda sokoni Ukunda, wengine wataranda kwenye mahoteli ya Diani. Mimi nitaangalia kuta nne, maana niko edani.

Niandike ya msingi kwanza, mwalimu asije akasema sikueleza. Naitwa Husna. Kwetu ni Majoreni, nimeolewa hapa Munje. Mume wangu Chande alikuwa fundi wa mabwawa ya kuogelea hotelini. Alitunza mabwawa ya watu miaka mingi na hakujua kuogelea, nami nilimcheka kwa hilo mpaka mwisho. Kumi la mwisho la Ramadhani alikuwa akikimbilia futari, pikipiki ikateleza kwenye lami yenye maji, karibu kabisa na njia yetu ya kuingilia. Tende alizokuwa amenunua zilifika nyumbani bila yeye.

Tangu siku hiyo mimi ni kizuka. Kwa asiyetoka pwani hii, kizuka ni mjane aliye katika eda: kwa miezi minne na siku kumi havai rangi, hapaki wanja wala hina, hajitii manukato, hatoki ila kwa haja. Nakaa na mavyaa wangu, mama mzazi wa Chande, Mama Mwanapili. Zamani tulikuwa watatu, na Chande ndiye aliyekuwa akitupatanisha. Sasa tumebaki wawili, tunaheshimiana sana, na nyumba iko kimya.

29 Aprili

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, Mama huja mlangoni kwangu. Ananiuliza maneno yale yale: "Umelala salama? Roho haikuchafuki?" Namwamkia shikamoo, namjibu nimelala salama, roho haichafuki. Anatikisa kichwa na kurudi barazani kusuka makuti. Nimechoka na swali hilo kuliko nilivyochoka na mvua.

30 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya kabati.

3 Mei

Mwongeli amekuja na somo la kwanza. Nimweleze naye. Wazazi wake ni Wakamba waliotoka Kitui wakapata shamba kwenye skimu ya makazi ya serikali, huko juu nyuma ya Msambweni. Yeye amezaliwa hapa hapa, kanisa lake ni la Jumapili, lakini Kiswahili chake kina mbwembwe kuliko chetu. Akisikia neno la pwani ambalo halijui, analibeba kama mtu aliyeokota pete, na wiki nzima atalivaa kila mahali. Wiki hii amevaa neno "mavyaa". Amemwamkia Mama, "Shikamoo, mavyaa wa Husna," na Mama ameitika marahaba huku akificha mdomo kwa ukaya wake wa kichwani.

Nadharia yenyewe inaitwa uamilifu. Inasema jamii ni kama mwili, na taasisi kubwa ndizo viungo vyake. Familia inazaa na kulea. Dini inawafunga watu pamoja na kuwafariji. Elimu inarithisha maarifa na kumwandaa kila mtu kwa nafasi yake. Uchumi unalisha, serikali inaweka utaratibu. Kila kiungo kina kazi, na kila kazi inasaidia mwili usimame. Kiungo kimoja kikiugua, vingine vinakibeba mpaka kipone.

Nilimwuliza Mwongeli kama mwalimu alisema kiungo kikikatwa kabisa inakuwaje. Akasema kengele ilikuwa imeshalia.

7 Mei

Leo nimejaribu kuwa mwanasosholojia. Nimehesabu viungo vilivyonigusa tangu msiba. Dini ilimwosha Chande, ikamsalia, ikaniweka ndani. Familia ilikuja kutoka Majoreni na Mkwiro, ikapika, ikalia, ikaondoka. Serikali ni naibu wa chifu, aliyekuja na mwavuli, akatoa pole, akaniuliza kitambulisho cha marehemu kiko wapi. Uchumi ni hoteli ambayo, kwa kuwa ni msimu wa mvua na wageni hakuna, haijaweka fundi mwingine. Bwawa lao nasikia limekuwa kijani.

Inafanya kazi, nadharia hii. Inakera jinsi inavyofanya kazi.

8 Mei

Mama anachana khanga zake kuukuu vipande vya mraba, anavikunja, anavipanga kwenye kapu. Nadhani ni vitambaa vya jikoni. Tuna jiko moja na sufuria nne, sijui anataka kufuta nini.

12 Mei

Mwongeli ameleta somo la pili: kazi ya wazi na kazi fiche. Kazi ya wazi ni ile ambayo watu wenyewe wanaitaja. Kazi fiche ni ile inayofanyika bila kutajwa, pengine bila kujulikana. Watu wanakwenda shule wapate elimu, hiyo ya wazi. Huko huko wanapata wachumba, hiyo fiche. Mwongeli alicheka sana kwa mfano huo. Nilimwona ana mtu.

Nikaamua kuandika juu ya eda. Kazi ya wazi ni rahisi, kila mtoto wa madrasa anaijua: kumheshimu marehemu, na kuhakikisha kama mjane ana mimba, ili nasaba isichanganyike. Na akiwa nayo, eda yake haiishi mpaka ajifungue. Niliandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri, nikaweka nukta, halafu kalamu ikanitulia mkononi.

Roho haikuchafuki?

Mimi mjinga. Wiki zote hizi nilidhani ananiuliza hali, kumbe anauliza kichefuchefu cha mimba.

13 Mei

Niseme ukweli, daftari ni langu. Mwezi wangu haujaingia tangu Chande afe. Mwongeli anasema huzuni hufanya hivyo, dada yake ilimtokea alipofiwa. Amejitolea kuniletea kipimo kutoka duka la dawa. Nimekataa. Nikijua, itabidi nimwambie Mama, na sijui ni jibu lipi nitakaloweza kulitamka mbele yake.

Mimi mwenyewe sitaki mtoto. Nataka kumaliza chuo. Ndivyo ninavyojiambia.

14 Mei

Mama amenipikia samaki wa nazi akaniwekea embe changa na pilipili pembeni. Nilikula embe zote. Aliniangalia nikila kwa furaha kiasi kwamba nilitamani kuificha sahani.

20 Mei

Tarehe ya mtihani imetoka: 15 Julai. Eda yangu inaisha mwisho wa Julai. Nisipoufanya, narudia mwaka mzima, na Amin kaka yangu ameshasema wazi kwamba eda ikiisha atakuja kunirudisha Majoreni. Kutoka Majoreni kwenda chuoni kila siku hakuwezekani. Kwa hiyo ni mtihani huu, au ndio basi.

23 Mei

Nimempigia Amin, naye amekwenda kumwuliza sheikh wao baada ya swala. Jibu limekuja leo: kizuka anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja ya kweli, kwa stara, na arudi kulala nyumbani kwake. Mtihani ni haja. Nilifurahi nikamwendea Mama barazani nikiwa na jibu hilo kama mtu aliyebeba sinia ya biriani.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Akasema sheikh amesema kweli na yeye hashindani na elimu ya dini. Halafu akainua uso.

"Lakini barabara ile siipendi, mwanangu. Mtu ambaye roho yaweza kumchafuka hasafirishwi kwenye mashimo yale."

Nikamwambia roho yangu haijachafuka hata siku moja.

"Wengine huchelewa," akasema, akarudi kwenye kuti lake.

Mwalimu Mutinda anasema viungo vyote hushirikiana. Aje Munje aone. Dini imesema ndiyo, elimu inaningoja, na familia imeketi barazani na kuti mkononi imesema hapana kwa sauti ya upole. Ningejua kumjibu kama angefoka.

24 Mei

Nimenuna. Hajanijali, ameniletea uji.

29 Mei

Mvua usiku na mchana. Njia ya kwetu imekuwa kijito. Nasoma chumbani na Mama anasuka nje, tunasikilizana. Kuti likimalizika analipiga kidogo kwenye sakafu kulinyoosha. Nimegundua kwamba asipopiga kwa muda mrefu nasimamisha kusoma mpaka apige.

6 Juni

Idi ya kuchinja. Wanawake wamepita na nguo mpya na harufu ya udi, wakanisalimia kutoka mlangoni wasije wakanitia manukato. Kwa kizuka Idi ni kusikiliza viatu vya watu wengine.

Mama hakwenda popote. Nilimwambia aende kwa dada yake Mkwiro, nitakaa salama. Akasema bahari ni chafu. Bahari ilikuwa shwari, niliiona kupitia dirisha. Tumekula pilau wawili, na alinisukumia nyama zote upande wangu wa sinia.

10 Juni

Jana alasiri tumbo lilinisokota, nikasingizia chakula. Leo asubuhi nimejua.

Nilikaa bafuni kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilitegemea kuona nafuu. Si ndiyo niliyokuwa nikiitaka? Sina mimba, barabara haina tena ubaya, mtihani ni wangu. Badala yake nililia kama sikulia siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa na watu wengi wa kunishika. Kumbe nilikuwa nimeshapanga mambo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu atafundishwa kuogelea. Sikuliandika hapa hata mara moja na sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimemwona, mtoto mwembamba mwenye masikio ya Chande, amekaa ukingoni mwa bwawa anaogopa maji, nami namwambia ruka.

Nilipotoka Mama alikuwa mlangoni kwangu. Leo alikuwa amechelewa kidogo. Akaniuliza maneno yake.

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema haichafuki, nikaendelea wiki moja, mbili, na yeye akaendelea kunisukumia nyama. Nilisema, "Mama, mwezi wangu umeingia."

Alisimama. Mkono wake ulikuwa kwenye mwimo wa mlango na niliona vidole vikishika ubao. Akasema, "Alhamdulillahi," polepole, neno zima, akaondoka.

Sikusikia kuti likipigwa. Nilidhani ameingia kulala. Baadaye kidogo alirudi na lile kapu. Alilitua kitandani kwangu bila kunitazama. Vilikuwa vile vipande vya khanga, vyote, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri, laini kwa sababu vilikuwa vya khanga alizovaa yeye miaka mingi. Juu kabisa kilikuwa kipande cha khanga ya kijani ninayoijua, aliyokuwa ameivaa siku nilipoletwa kwake bibi harusi.

"Tumia hivi," akasema. "Vya dukani hukata ngozi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Havikuwa vitambaa vya jikoni. Yalikuwa mawinda, nepi za mtoto.

11 Juni

Asubuhi hakuja mlangoni.

12 Juni

Hakuja.

13 Juni

Nimemwamkia mimi, ameitika vizuri, ameniuliza kama nataka chai ya tangawizi. Hakuuliza lile. Swali nililolichukia nalingojea tangu alfajiri kama adhana.

19 Juni

Mwongeli amekuja, nikamsimulia. Hakusema huzuni hufanya hivyo. Alivua viatu akakaa barazani na Mama, akaomba afundishwe kusuka. Kuti alilosuka limepinda kama mkia wa mbwa. Mama amelitundika kwenye paa la jiko na kusema litakinga mvua vizuri tu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tarehe kumi.

24 Juni

Nimekuwa nikiandika insha. Nilikuwa na mpango mzuri: eda kama taasisi ndogo ndani ya taasisi kubwa, kazi ya wazi, kazi fiche. Leo nimefuta ukurasa wa kazi fiche. Niliandika kwamba kazi fiche ya eda ni kuipa jamii muda wa kujipanga upya baada ya pengo. Hilo mwalimu atalipenda. Lakini hapa ndani hakuna jamii, kuna Mama Mwanapili. Kila siku ya eda yangu ni siku moja ambayo nyumba hii bado ina mtu wa mwanawe ndani yake. Eda ikiisha Amin atakuja. Mimba ingeniweka hapa, na mjukuu angekuwa wake mpaka afe. Hakuwa mlinzi wangu. Alikuwa akinichelewesha kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Nami nilikuwa nimemwandika kwenye insha kama "udhibiti wa kijamii ndani ya familia". Nimeona aibu.

2 Julai

Balaa. Mwongeli amekuja analia, amelowa chapachapa, amekataa hata kukaa.

Alikwenda chuoni kuchukua kadi za mtihani, yake na yangu. Yake ipo. Yangu haipo, na jina langu limepigwa mstari. Karani akamwambia mwalimu ndiye aliyelifuta. Mwongeli akakumbuka, na ndipo alipoanza kulia.

Wiki ya tatu ya muhula Mwalimu Mutinda alikuwa akiita majina. Uongozi wa chuo ulikuwa umekasirika kwa sababu ya wanafunzi hewa, majina yasiyo na watu, na kila mwalimu aliambiwa ayasafishe. Alipofika kwangu akauliza huyu Husna yuko wapi, simwoni. Na Mwongeli, ambaye wiki hiyo alikuwa amejifunza neno jipya la pwani na hajapata pa kulivaa, akasimama akatangaza kwa fahari, "Mwalimu, Husna ni kizuka."

Mwalimu Mutinda kwao ni Machakos. Huko kizuka ni kitu kinachotokea njiani jioni, watoto wakakimbia. Alimshukuru Mwongeli kwa kuwa mkweli, akachukua kalamu nyekundu.

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka mpaka Mama akaja kuangalia. Halafu nikaacha kucheka, maana mwalimu hashiki simu, mwisho wa kurekebisha majina ni keshokutwa, na karani amesema mwenye jina aje mwenyewe. Haja ya mtihani sheikh ameiruhusu. Je, haja ya kwenda kuthibitisha kwamba mimi ni mtu nayo imo? Mwongeli alikuwa akinishika mikono akisema nisamehe, nisamehe. Nilimsamehe. Angenitaja kwa neno la Kitui ningekuwa na kadi.

Mama alisikia yote kutoka kizingitini.

4 Julai

Naandika haya jinsi Mwongeli alivyonisimulia, kwa kuwa mhusika mwenyewe amekataa kusimulia.

Jana asubuhi Mama alivaa buibui lake la harusini, akaniambia anakwenda Msambweni kutazama bei ya makuti. Akapanda bodaboda. Hajawahi kupanda bodaboda tangu Chande afe, hata kuitazama huwa hataki. Akaipanda mpaka barabara kuu, na kutoka hapo mpaka Ukunda, kwenye mashimo yale yale. Mwongeli alimkuta langoni mwa chuo, anamweleza bawabu kwamba amekuja kumwona mwalimu wa Husna, na bawabu anamwuliza Husna wa idara gani, na yeye anajibu, wa Munje.

Mwongeli akampeleka. Mwalimu Mutinda alimwamkia vizuri akampa kiti chake mwenyewe. Alidhani ni mzazi aliyekuja kuomba upendeleo, akaanza kumweleza utaratibu. Mama akamsubiri amalize.

"Mwalimu," akasema, "kizuka ni mtu. Ni mke wa mwanangu, na mwanangu nimemzika Ramadhani. Yuko ndani kwa sababu dini imemweka. Ala, alala, na asoma vitabu vyako mpaka mimi naionea huruma taa."

Mwongeli anasema mwalimu alivua miwani. Kisha akasema, "Pole sana, mama. Mimi nilifikiri wananichezea. Kwetu kizuka ni kitu cha kutisha watoto." Mama akasema hata huku mjane huwatisha wengine, hasa wenye waume. Wakacheka wote wawili, na mwalimu akatoka naye mpaka kwa karani akasimama pale mpaka jina langu likaandikwa tena. Akamwuliza Mama nini kingine anaweza kumsaidia. Mama akamwambia amweleze huo mtihani unauliza nini hasa.

Kwa hiyo Mwalimu Mutinda alimfundisha Mama Mwanapili nadharia ya uamilifu, wamesimama kwenye veranda, mvua inanyesha.

5 Julai

Leo Mama ameingia chumbani kwangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo asilolifanya. Nilimshukuru. Akasema usinishukuru, neno limeharibiwa na Mkamba mmoja na limetengenezwa na mwingine, mimi nilipanda bodaboda tu. Nilimwuliza hakuogopa. Akasema aliogopa njia nzima, alifumba macho.

Kisha akasema mwalimu wangu ni mtu mwema na maneno yake ya mwili ameyaelewa vizuri. Familia ni kiungo, dini ni kiungo, skuli, na kadhalika. Kila kimoja na kazi yake.

"Nilitaka kumwuliza jambo nikaona haya. Nimezaa mmoja, nimemlea, nimemwoza, nimemzika. Kazi zote zimekwisha. Katika mwili huo wa mwalimu wako, sasa mimi ni kiungo gani?"

Nilifungua mdomo. Nimesoma mihula mitatu na nilikuwa na daftari zima mapajani. Nikalifungua, nikalifunga. Akanipiga piga goti kama kwamba mimi ndiye ninayehitaji kufarijiwa, akaenda zake kusuka.

9 Julai

Nasoma. Mvua imepungua.

13 Julai

Nasoma. Mwongeli amekuja tukaulizana maswali mpaka alasiri. Hasemi neno la pwani tena bila kuniuliza kwanza lina maana ngapi.

15 Julai

Nimeufanya.

Tulitoka baada ya alfajiri, Mama na mimi na Mwongeli, kwa gari la jirani. Nguo nyeupe, uso bila kitu. Tangu Machi sikuwa nimeona barabara. Tulipopita mahali penyewe Mama alinishika mkono na mimi nikamshika, tukatazama mbele. Chuoni wanafunzi walinipisha njia kama maji. Mwalimu Mutinda alikuja mpaka mlangoni mwa ukumbi, akasimama mbali kwa adabu, akasema, "Karibu, Husna. Nafurahi wewe ni mtu." Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikaingia.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile tulilolitegemea: eleza jinsi nadharia ya uamilifu inavyofafanua nafasi ya taasisi kuu za jamii, kwa mifano ya mahali unapoishi. Niliandika familia, dini, elimu, uchumi, serikali. Nilitetea nadharia kwa moyo, maana nimeona kwa macho yangu: nilipoanguka nilidakwa, na mikono iliyonidaka ilikuwa na majina hayo hayo. Kisha nikaandika pale inaposhindwa. Inajua kila kiungo kinafanya kazi gani. Haijui kumwangalia mtu ambaye kazi yake imekwisha na bado yupo, ameketi barazani. Nikaandika kwamba pengine watu hao ndio wanaotushikilia hasa, na kwamba sina ushahidi ila mmoja.

Nilipotoka ushahidi wangu ulikuwa kwenye benchi la veranda, umesinzia, kichwa kimeegemea bega la Mwongeli. Tulifika nyumbani kabla ya magharibi.

22 Julai

Jua nusu siku. Tumetoa magodoro nje.

30 Julai

Eda imeisha. Mama ameniosha mwenyewe, amenipaka mafuta, amenivika khanga mpya ya rangi ya machungwa iliyoniumiza macho. Wanawake wamekuja, wamepiga vigelegele vya chini, vya heshima. Hina imekolea.

Amin amepiga simu: kesho saa nne atakuja na gari. Nikamwambia sawa. Sikujua namna nyingine ya kumwambia. Matokeo yakija mazuri kuna muhula mwingine Septemba, na chuo kiko upande huu, lakini siwezi kumwambia kaka yangu nabaki kwa mavyaa nisiyemzalia mjukuu. Kwa desturi sina sababu tena ya kuwa hapa. Mama anajua hilo kuliko mimi. Jioni alinifungia begi kwa mikono yake, nguo za rangi chini, nyeupe juu, na kwenye pembe akaweka kile kipande cha khanga ya kijani. Hakuniomba nibaki. Akaliweka begi mlangoni.

31 Julai

Nimeamka na jua. Kabla sijanawa uso nikasikia hatua zake.

Tangu tarehe kumi Juni hakuwahi kuja asubuhi. Alisimama pale pale, mkono kwenye mwimo, karibu na begi.

"Umelala salama?" akauliza. Akangoja kidogo. "Roho haikuchafuki?"

Sote wawili tunajua hakuna cha kuichafua. Swali hilo halina kazi tena, ya wazi wala fiche. Alikuwa akiniuliza tu.

Nilikuwa na jibu langu la siku zote mdomoni. Nikamtazama, nikalimeza.

"Yachafuka kidogo, Mama," nikasema.

Kisha akainama, akalishika begi kwa mikono miwili.

"Basi leo husafiri," akasema, akalirudisha ndani.